Staringi Hafi, Geti Halikosi

Kwenye kibanda umiza cha Lusahunga kila mteja ni mwalimu wa uandishi wa filamu. Kanuni ya kwanza anaijua hata mtoto anayechungulia kwenye tundu la turubai: staringi hafi. Schwarzenegger kwenye Commando ya 1985 anamiminiwa risasi na jeshi zima, anatoka na mikwaruzo. Titanic ya 1997 ikaivunja kanuni, Jack akaganda baharini, na wapo wanaodai kiingilio chao mpaka leo.

Ndugu zetu wa Bongo Muvi walishika somo moja tu: geti. Honi inapigwa, mlinzi anafungua, gari linaingia, linaegeshwa. Anayelia sebuleni tutamkuta sehemu ya pili.

Wangepanda basi la Ngara enzi zile, magari yakisubiriana ili yavuke pori la Biharamulo kwa msafara wa polisi wenye bunduki! Abiria kimya, konda kasahau utani, kila kichaka mshukiwa. Taharuki ya bure kabisa, na mswada hatukuuona. Labda kwa sababu porini hapakuwa na geti. Lakini tangu 2019 pori hilo limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na hifadhi, jamani, ina geti. Karibuni na kamera zenu.