Mtoto wa Ulaya Anajaza Fomu

Baba Mdogo, ukitoka Bunda kushuka Musoma mfikishie salamu Shangazi pale Mwigobero.

Hapa Leicester baridi imeniingia mpaka kwenye akaunti. Ghalani wamenipunguzia zamu, mwenye nyumba hajanipunguzia kodi, basi najiandaa kuomba msaada wa serikali, wanauita Universal Credit. Hii sehemu usiisome kwa sauti.

Habari za Mama Mkubwa wa Butiama nimezipata. Kumbe kwenye mkutano wa TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kuibua kaya maskini, jina lake lilishaitwa na watu wakaitikia, ndipo jirani akanyoosha mkono: "Huyu ana mtoto Ulaya." Habari ikaishia hapo. Na huyo mtoto ndiye mimi, niliyekesha na bahasha ya makaratasi nikitafuta namna ya kuwathibitishia Waingereza kwamba sina kitu. Maombi yangu yakikamilika nitakutumia nakala, Mama Mkubwa aende nayo mkutano ujao. Jirani akinyoosha mkono tena, apewe yeye awasomee watu. Iko kwa Kiingereza.

Ila utaratibu wenu nauonea wivu. Tangu Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini uanze mwaka 2012, kaya zinaibuliwa hadharani na watu wanaojua moshi wa jiko la nani hauonekani jioni. Dodoso linafuata baadaye. Huku unaomba kwa mtandao, na mtandao hauna jirani, hata yule mbaya. Mashahidi wako ni mkataba wa pango, hati za mshahara, taarifa za benki na kibali cha ukaazi. Kibali hasa, maana viza nyingi zinakukataza kabisa kugusa mafao ya umma. Kodi unalipa, mafao unayaangalia kwa mbali.

Taarifa ya benki ndiyo msaliti. Nimeipitia kwa macho ya afisa. Ijumaa mshahara umeingia. Jumamosi: Bunda, ada. Jumatatu: Butiama, mabati. Jumatano: Musoma, "dharura". (Shangazi, hiyo dharura nimeiona kwenye picha za harusi, imekupendeza, hasa mikono.) Afisa akiuliza nitamjibu kwamba huu ni mfuko wangu wa maendeleo ya jamii, sema haujapata wafadhili.

Baada ya kuomba, malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano. Huko wa TASAF wanalipwa kila baada ya miezi miwili, najua, lakini kwenu angalau dagaa wanapimwa kwa kopo na muuzaji anakufahamu.

Sasa lililonifanya niandike. Fomu inataka mali zote, hata zilizo nje ya Uingereza. Akiba na mali zikizidi pauni 16,000 hupati kitu. Zisipofika 6,000 hazikupunguzii chochote. Kwa hiyo nahitaji barua ya mtendaji wa kata, yenye mhuri, ikieleza thamani ya kile kiwanja cha Bunda. Tafadhali usiende kwake umevaa lile koti nililokutumia, na usimwambie ni kiwanja cha mtoto wa Ulaya, atakipandisha bei hapo hapo. Mweleze tu hali halisi: mwamba umetokeza katikati, maji hayajafika, na mpaka una mgogoro. Yote unayafahamu vizuri, Baba Mdogo, ila siku ile unaniuzia hukuyataja.

Mwanao,
Leicester