Kijiko cha Nyuma kwa Mwenye Mashimo Matatu

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: mwanamume aliyestaafu au anayekaribia kustaafu, mwenye shamba lisilozidi ekari kumi na trekta dogo la mtumba kutoka Japani, la nguvu za farasi 25 hadi 35, ambaye wiki hii ameona trekta kama lake limefungwa mkono wa kuchimbia nyuma, na tangu siku hiyo usingizi umemruka. Wengine mnaruhusiwa kusoma, hasa mlioolewa na mtu huyo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mimi nakiita kijiko cha nyuma. Nairobi mtu akiona mashine yoyote yenye mkono nyuma husema JCB, hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Herufi hizo ni za Mwingereza Joseph Cyril Bamford wa Staffordshire, ambaye kampuni yake ilianza kuuza mashine ya kijiko mbele na mkono nyuma mwaka 1953. Usijidanganye kwamba ndiyo utakayokuwa nayo. JCB unayopishana nayo barabarani ina tani kama nane na inachimba zaidi ya mita nne kwenda chini. Trekta lako lina tani moja na ushei, na mkono utakaolifunga utafika mita mbili na robo, ukijitahidi mbili na nusu. Ni ndugu kama paka alivyo ndugu wa chui.

Hatua ya kwanza: hesabu mashimo. Pesa ziache kwanza. Wanaopotea katika jambo hili huanza na bei, na bei siku zote hupatana na mtu mwenye hamu. Shimo halina tabia hiyo. Lipo au halipo. Chukua daftari uandike kila shimo linalohitajika shambani kwako. Mimi, kwangu Mkuranga, niliandika matatu: mtaro wa bomba kutoka kisimani hadi bandani, mita 100, shimo la choo cha vibarua, na bwawa la samaki. Nikakaa robo saa nzima nikitafuta la nne. Lilipogoma kuja nikaandika “mengineyo”, nikalipigia mstari mara mbili, na kwa nguvu ya neno hilo moja leo nina kijiko.

Hapa ndipo kijiko na jembe la trekta vinapoachana njia. Shamba ulilolima mwaka huu utalilima na mwakani. Mvua na magugu vinakutunzia kazi. Mtaro ukishachimbwa umechimbwa. Kijiko ni kibarua anayejifukuza kazi mwenyewe, na kadiri alivyo hodari ndivyo anavyowahi kukaa bure. Ukikinunua Januari na kikawa kizima, kufikia Pasaka kitakuwa kinakutazama.

Hatua ya pili ni kuzungumza na mama watoto. Iruke kwa sasa.

Hatua ya tatu: uulize udongo. Waingereza walipoamua kulima karanga Tanganyika mwaka 1947 walitafuta mashine kwanza, udongo wakaja kufahamiana nao baadaye. Walileta hata vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Kongwa, mahali pa mradi huo, ikawajibu kwa lugha yake: mvua ikikatika na jua likiwaka, ardhi ile hukauka ikawa kama sakafu ya saruji. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotelea humo. Nilikuwa nikisimulia habari hiyo kwa dharau kwenye vijiwe, mpaka siku nilipogundua kwamba nami nimekosea vilevile, ila upande wa pili. Mkuranga kwetu ni kichanga. Mtoto wa darasa la nne mwenye jembe la mpini mzima anachimba, tena huku anaimba. Kijiko kilipoingia, kingo zikawa zinamwagikia ndani, na mtaro niliotaka uwe wa sentimita 40 ukafika mita moja kwa upana. Jirani alidhani nachimba mfereji wa Suez.

Bwawa ndilo lililoniumiza. Lilichimbwa kwa siku mbili, likapendeza, nikapiga picha. Tukalijaza maji jioni. Asubuhi tulikuta matope na chura mmoja mwenye masikitiko. Kichanga hakishiki maji. Bwawa linataka mfinyanzi, au utandaze plastiki nzito chini, na bei ya plastiki hiyo sikuwa nimeiweka hata kwenye “mengineyo”.

Choo nacho kina somo lake. Shimo la choo watu hupenda liende mita tatu au zaidi, na mkono wako umeishia mbili na nusu. Isitoshe, mkono hauchimbi wima. Unakokota udongo kuelekea kwenye trekta, kwa hiyo upande mmoja wa shimo unabaki na mteremko, na unachopata ni umbo la mtumbwi. Kilichobaki kinahitaji kijana mwenye sururu na ndoo. Naye atakutoza bei ya shimo zima, akikueleza bila haya kwamba anayeingia ndani ni yeye, si mashine. Ana haki. Na hapa naweka utani pembeni kidogo: shimo likizidi mita moja na nusu, mtu asiingie kabla kuta hazijashikiliwa kwa mbao. Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu na zaidi, na haipigi hodi.

Hatua ya nne: chungulia chini ya trekta lako. Ndiyo, lala chini, na shati lako. Muuzaji atakuambia kijiko kinafungwa kwenye ile mikono mitatu ya nyuma inayobeba jembe, dakika kumi kazi imekwisha. Mfumo huo ulibuniwa na Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, kwa ajili ya plau: kitu kinachovutwa na kinacholalia chini. Hakuwaza kitu kinachosukuma, kinachoinua na kinachotikisa kushoto na kulia siku nzima. Trekta dogo aghalabu halina chasisi kama lori. Injini, giaboksi na difu vimeunganishwa kwa bolti, na huo ndio uti wake wa mgongo. Kijiko kikining’inia kwenye mikono mitatu peke yake, nguvu zote za kuchimba zinamalizikia hapo, na siku moja utasikia mlio kama wa kuni kavu: nyumba ya difu imepasuka. La kuogofya zaidi, mkono ukigonga mzizi wakati kifaa hakijabanwa vizuri, kifaa chote kinaweza kuinuka na kumbana mwendeshaji kwenye trekta. Kijiko cha maana huja na fremu yake inayopita chini ya trekta hadi mbele na kugawa mzigo. Hiyo fremu hutengenezwa kwa aina maalumu ya trekta. Lako, ambalo Japani waliacha kulitengeneza ukiwa bado sekondari, huenda halina fremu duniani. Fundi wa kuchomelea mtaani atasema anaweza. Wote husema wanaweza.

Ukiwa bado chini, tazama pampu ya haidroliki. Kama mafuta inayosukuma hayatoshi, utahitaji pampu nyingine inayofungwa kwenye PTO, ule mtaimbo wa nyuma unaozunguka mara 540 kwa dakika, pamoja na tangi lake la mafuta. Ni pesa nyingine, na hosi nyingine za kuvuja. Hosi ikivuja usilitafute tundu kwa kiganja. Mafuta yale yana presha ya kupenya ngozi, na yakikuingia ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama unaona alama ndogo kama ya sindano. Tumia kipande cha boksi.

Hatua ya tano ni kuupima mwili wako mwenyewe. Kijiko kinaendeshwa ukiwa umegeukia nyuma. Trekta linaendeshwa ukiwa umegeukia mbele. Kila baada ya mita moja na nusu ya mtaro, unainua miguu ya kushikilia, unahama kiti, unasogeza trekta, unarudi kwenye kiti cha nyuma, unashusha miguu. Kwa mtaro wa mita 100 utageuka zaidi ya mara 60, kama mtu anayeitwa na wadai wawili. Mimi nina kiuno cha serikali, kilichokaa ofisini miaka 31. Siku ya pili nikaajiri dereva.

Dereva alikuwa hodari kweli, ila ametoka kwenye ekskaveta za barabara. Hakuna aliyetuambia kwamba nyenzo za kuendeshea zina mipangilio miwili. Kwenye ekskaveta nyingi wenzo wa kushoto unakunja kigasha cha mkono. Kwenye vijiko vingi vya nyuma wa kushoto unainua na kushusha mkono mzima. “Mzee, nashusha kidogo hapa,” alisema, akasukuma wenzo. Mkono ukafanya ulichoambiwa na mkono wake, si alichokusudia, ukalaza mpapai wa mama watoto uliokuwa na mapapai 11. Aliyahesabu yeye mwenyewe, kwa sauti.

Na usisahau kwamba kijiko kina kilo 300 hadi 500. Kikiwa nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unakuwa wa mapambo, usipoweka uzito. Kikiwa nyuma pia, huvuti tela wala hulimi. Muuzaji atakuonyesha kukifungua kwa robo saa, na hakudanganyi, isipokuwa yeye ana sakafu ya zege na vijana wawili. Wewe una kichanga kinachozamisha miguu ya kijiko usiku, na asubuhi pini hazilingani na matundu hata kwa nyundo na dua. Mvua za masika zikianza, majirani wote wanalima, na trekta lako limesimama na mkono mgongoni kama askari wa zamu.

Hatua ya sita: sasa ndiyo pesa. Chukua bei ya kijiko, pamoja na fremu, pampu, usafiri na kile unachoficha, uigawe kwa gharama ya siku moja ya kukodi mashine na dereva wake. Mimi nilipata siku 46. Mashimo yangu matatu yalihitaji siku nne. Mtu mwenye akili angefunga daftari. Mimi nilikumbuka kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, nikajiona nimepata hoja. Methali hiyo ni kweli kwa nguo. Shimo la kukodi linasitiri vizuri kabisa. Hakuna mgeni aliyewahi kuingia chooni akauliza kilichimbwa na mashine ya nani.

Linganisha pia na vibarua. Mtaro wa mita 100, kina sentimita 60 na upana 40, ni mita 24 za ujazo. Kwenye udongo wa kawaida mtu mmoja hutoa mita tatu hadi nne kwa siku, kwa hiyo vibarua wanne wanamaliza kwa siku mbili, ugali na maharage vikiwahi. Kijiko chako kidogo kinachota kama lita 35 kwa mara moja. Ni michoto kama 700. Ukichota mara mbili kwa dakika bila kusimama, ni saa sita hivi, na saa hizo hazina kugeuka kiti, hazina hosi, hazina simu ya kutafuta grisi. Pini na bushi zinataka grisi kila siku ya kazi. Ukizinyima, tundu la duara linakuwa yai na mkono unaanza kuyumba kama mlevi. Bomba likishalazwa, udongo unarudishwa na nani? Na wale vibarua wanne, kwa makoleo, wakikutazama kwa heshima ambayo hukuiomba.

Sisemi hakuna wa kununua. Kama una mfinyanzi mgumu au mawe, kama unafukua visiki kila msimu, kama unachimbia watu mitaro ya bomba kwa malipo na simu yako inalia bila wewe kuwapigia watu, na kama fremu ya trekta lako ipo dukani na umeiona kwa macho, nunua na usinisikilize. Majirani hawahesabiki hapo. Kabla hujanunua watakuambia “mzee, hiki kitatukomboa wote”. Ukishanunua watakuja kukiazima, na dizeli watakuwa wameisahau nyumbani.

Tumerudi hatua ya pili. Nilimwambia mama watoto siku kijiko kilipofika, kwa kuwa hakifichiki. Alikizunguka, akagusa meno yake, akauliza swali moja: “Baada ya choo, kitachimba nini?” Nilimjibu “mengineyo”. Mwongozo mzima ungeweza kuwa swali lile, na ningeweza kukuokolea muda, lakini hukuoa nyumbani kwangu.

Kijiko kipo chini ya mwembe, kina saa 38 za kazi, hosi mbili mpya. Anayetaka kukinunua aje na fundi wake akikague. Ila asije kabla ya wiki tatu kwisha: kuna kuku anaatamia humo ndani, na mama watoto amesema ndiyo kazi ya kwanza ya maana ambayo mashine hiyo imepata.