Akili 16, Nguvu 9

Jumatatu, 2 Juni
Nimeanza kazi. Ofisi ya wakala wa forodha, upande wa Kurasini, idara ya uhasibu, majaribio miezi 6. Fomu ya utumishi ilikuwa na kipengele cha mwisho: "Michezo unayoshiriki." Nikaandika "mchezo wa mezani", maana nafasi ilikuwa finyu na Dungeons & Dragons haielezeki kwa mstari mmoja. Dada wa utumishi akaniuliza kama nina raketi yangu mwenyewe. Nikamwambia nina dadu. Akacheka sana, akagonga mhuri.

Jumanne, 3 Juni
Ubao wa matangazo: jina langu liko chini ya "Mpira wa Meza". Bonanza la wafanyakazi ni tarehe 28. Nilikwenda kurekebisha, lakini dada wa utumishi alinipokea kwa furaha, akasema mwaka jana mchezo huo ulikosa watu kabisa. Nikamshukuru, nikarudi mezani kwangu.

Jumatano, 4 Juni
Tangu wenzangu wa mchezo huko Sinza wajue nimesomea uhasibu, mimi ndiye mtunza hazina ya kikundi. Orodha ya Jumamosi, baada ya kutoka pangoni: sarafu za dhahabu 340 (kila mtu 68), sumu chupa 2, upanga uliolaaniwa 1, mbuzi hai 1. Faili nimeliita "Hesabu ya mwisho". Ankara ya mteja mwenye kontena bandarini nimeiita "Hesabu ya mwisho kabisa". Nimemtumia la kwanza. Amejibu baada ya dakika nne: "Mbuzi tumemwona, na Idi ya kuchinja imekaribia. Kontena letu je?" Bosi naye yumo kwenye barua pepe hiyo.

Alhamisi, 5 Juni
Leo sijakosea kitu. Nimeondoka saa kumi na moja kamili.

Jumatatu, 9 Juni
Rafiki yangu kanipigia nikiwa kwenye daladala kuuliza mpango wa vita vya Jumamosi. Nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote: mimi ni mchawi wa ngazi ya tatu tu, lile zimwi kubwa siliwezi, ila vile vidogo nitavilaza vyote kwa mpigo, halafu wewe unapita unamaliza. Daladala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Nilipokata simu nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye siti ya watu wawili. Konda hakunidai nauli. Nikampa mwenyewe, akaipokea kwa ncha za vidole.

Niweke wazi kwamba jina la "mchawi" nililipinga tangu mwanzo. Nilitaka "mganga". Lakini mganga alishachukuliwa na anayetibu majeraha, na tulipopiga kura nilishindwa nne kwa moja.

Alhamisi, 12 Juni
Nilichapa karatasi ya mhusika wangu kwenye printa ya ofisi wakati wa chakula, nikasahau kuichukua. Bosi kaniita. Karatasi iko mbele yake, miwani iko puani.

"Akili 16, Wepesi 15, Ustahimilivu 14, Busara 13, Haiba 11, Nguvu 9. Hii tathmini ya nani?"

"Shikamoo bosi. Ni yangu. Kwa namna fulani."

"Marahaba. Kwa ngapi?"

"Kwa 20."

Akaipitia tena. "Haiba umejipendelea."

Nikamweleza kwamba ni mchezo, umebuniwa na Wamarekani wawili, ukaanza kuuzwa mwaka 1974. Mmoja anasimulia, wengine wanasema watu wao wanafanya nini, dadu inaamua kama wamefanikiwa. Akauliza mshindi anapatikanaje. Nikasema hapatikani, mnaendelea tu wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka. Akasema hiyo anaijua, akanirudishia jalada la kontena la Jumatano.

Jumamosi, 14 Juni
Jumamosi tunafanya kazi nusu siku. Leo nusu hiyo imeisha saa kumi. Mchezo Sinza huanza saa tisa. Nimefika saa kumi na mbili kasoro na jasho langu. Walikuwa wamemfunga mchawi wangu kwa kamba kwenye mbuzi, ili asipotee.

Kwa ajili ya kumbukumbu: vizimwi ni vizibo vya soda, vyekundu vina mikuki na vya njano vina pinde. Joka ni pasi ya mkaa ya bibi yake msimuliaji, ile yenye jogoo mbele. Leo msimuliaji aliweka makaa mawili ndani ili moshi utoke. Bibi akaingia, akaitazama meza, akaichukua pasi, akaenda kunyoosha kanga. Vita vikasimama dakika arobaini. Tukakubaliana kwamba joka limekwenda kunywa maji.

Kwa heshima ya ajira yangu, kikundi kimehamisha mchezo kwenda Ijumaa usiku.

Jumatatu, 16 Juni
Katika kanuni zetu, mtu akipumzika saa nane mfululizo majeraha yote yanapona. Nimelala saa nne. Nimetia chumvi kwenye chai ya mkuu wa kitengo.

Ijumaa, 20 Juni
Mezani kwetu 20 ndiyo namba ambayo watu huinuka vitini ikitoka. Ofisini ni tarehe ya mwisho ya ritani ya VAT. Nilipanga kumaliza saa kumi na moja. Saa kumi na moja hesabu zikakataa kulingana, zimezidi shilingi 1,800. Wenzangu wa ofisini wakaaga mmoja mmoja. Mama wa chai aliniachia chapati mbili, akasema, "Mwanangu, hela ndogo ndiyo inayojificha."

Sinza walianza bila mimi, na rafiki yangu alinichezea kwa simu. Saa mbili: mchawi wako kaanguka, joka limerudi. Sasa anarusha dadu ya uhai, 10 kwenda juu ni nafuu, chini yake ni kaburi, makaburi matatu umekwisha. Imetoka 9. Niko kwenye risiti za Mei, herufi M. Imetoka 12. Niko herufi P. Hapo nikaiona: risiti ya 11,800 ya wino wa printa, VAT 1,800 ikiwa ndani, nimeiingiza mara mbili. Nikaifuta, hesabu zikalala sawa, na simu ikalia. Imetoka 1, na 1 inahesabiwa makaburi mawili.

Nimetuma ritani saa tatu na robo usiku. Chapati zilikuwa nzuri.

Jumamosi, 28 Juni
Bonanza. Mpinzani wangu alikuwa mlinzi wa getini, zamu ya usiku. Nimefungwa 11–2, 11–1, 11–0. Pointi zangu tatu zote nilizipata akiwa anapokea simu. Tulioshiriki mpira wa meza tulikuwa wawili, kwa hiyo nimepewa medali ya fedha, bosi kanivisha mwenyewe. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nguvu bado 9?"

Jioni nikapita Sinza kutengeneza mhusika mpya, medali ikiwa bado shingoni. Msimuliaji akaipima mkononi, akaigeuza, akafungua daftari la hazina na kuandika chini ya mbuzi: medali, 1, haina uchawi.