Ulimi Uliostaarabika
Jirani yangu, bibi mwenye elimu na hofu kubwa ya sukari, alikata shauri Jumamosi kuwafunza wanawe, mmoja wa miaka 4 na mwenziwe wa 6, kuoka keki ndogo za ndizi. Na kwa kuwa ndizi iliyoiva hata ganda likafanya madoa meusi huwa sehemu kubwa ya wanga wake imekwisha kugeuka sukari, alihukumu kwamba bakuli halihitaji hata kijiko kimoja cha ziada. Wanafunzi waliipokea ilimu hiyo kwa taadhima. Katika ndizi 4, moja iliyeyukia kinywani mwa mdogo na nusu ya nyingine nyweleni mwake. Yai lilivunjwa kwa ustadi, ganda likabaki ndani. Unga, ambao kanuni yataka ukorogwe kidogo tu keki isije ikawa ngumu, ulikorogwa kwa bidii ya mtwanga kisamvu.

"Mama, mbona hazina utamu?" aliuliza mkubwa, tanuri ilipofunguliwa.

Akajibiwa kuwa utamu wa asili wataka ulimi uliostaarabika. Kisha mama akaingia stoo, akarudisha mlango, na sote, nami mgeni nikiwa na keki yangu mkononi kama jiwe la kutilia nanga, tukasikia karatasi ya chokoleti ikichanika.