Namna ya Kuposa Yai

Yai likiwekwa mbele yako sokoni, lichukulie kama kijana aliyeleta posa nyumbani kwenu. Muuzaji ndiye mshenga wake, na mshenga kazi yake ni kusifu. Hakutumwa kutaja vilema. Ninyi wenye binti ndio wa kuuliza: ukoo wake upi, ana umri gani, analala wapi, ana maradhi gani. Shangazi akisimama katikati ya kikao akasema, "Mpeni tu, kijana mweupe," atanyamazishwa kabla hajamaliza kikombe chake cha kahawa.

Sokoni shangazi huyo ndiye tunayemsikiliza. Dar es Salaam yai dogo lenye ganda jeupe-jeupe huitwa la kienyeji na kulipiwa karibu mara mbili ya yai kubwa la kahawia, ambalo limeshabandikwa jina la kisasa kabla halijaulizwa limetoka wapi. Mdogo wangu alipojifungua nilimpelekea mayai kumi ya aina hiyo ya kwanza. "Dada, haya ya kijijini kabisa," muuzaji aliniambia, "angalia weupe wake." Niliangalia weupe wake, nikalipa. Nyumbani mama mkwe wa mdogo wangu akachukua moja, akalipapasa, akaligeuza upande wa kitako, akalinusa.

"Mwanangu," akasema, "hili limeogeshwa siki."

Kitakoni palikuwa na doa la kahawia, mfano wa chai iliyokaukia kwenye sahani. Ganda lote lilikuwa likikwaruza kidole kama chaki. Tulikuwa tumelipia weupe, na weupe tuliuziwa.

Basi kabla ya swali lolote, jua rangi inavyopatikana. Kila yai la kuku huanza jeupe. Kuku hutengeneza yai kwa muda wa saa 24 hadi 26, na takribani 20 kati ya hizo hupita ndani ya kifuko ambamo ganda hujengwa kwa chokaa, ile ile ya mawe ya matumbawe tunayojengea nyumba za pwani. Kuku wa mayai meupe humaliza kazi yake hapo. Kuku wa mayai ya kahawia hupaka rangi mwishoni, saa chache kabla ya kutaga, kama fundi anayemalizia nyumba kwa rangi ya nje. Ukitaka ushahidi, vunja yai la kahawia utazame ganda kwa ndani: jeupe. Rangi hiyo huitwa protopofirini na iko juu juu, ndiyo maana siki huiondoa. Kuku wa Araucana wa Chile ni habari nyingine. Rangi yake ya buluu hupenya ganda lote, ndani na nje. Mwaka 2013 watafiti walibaini kwamba chanzo chake ni virusi vya zamani vilivyojipachika katika urithi wa kuku hao na kuamsha jeni iliyokuwa kimya ndani ya kifuko cha ganda.

Sasa tazama siki inachoharibu. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno, kati ya 7,000 na 17,000, ambavyo kifaranga angevutia pumzi. Kuku akitaga huliacha yai limevikwa utando mwembamba unaoziba vitundu hivyo, na utando huo ndio mlinzi wa mlango. Siki inayokula rangi humla na mlinzi, kisha hupunguza unene wa ukuta. Hapo ndipo mahali ninapokubali kwamba rangi ya ganda inagusa usalama wa mlaji: pale binadamu alipoibadilisha. Yai la kahawia lililoachwa na ukahawia wake lilikuwa salama zaidi kuliko lile lile lililosuguliwa likapandishwa bei.

Swali la kwanza, ukoo. Rangi hukuambia mbegu ya kuku na haiendi mbali zaidi ya hapo. Leghorn hutaga meupe. Rhode Island Red hutaga ya kahawia. Na chotara wa biashara waliojaa kwenye mabanda yetu, kama Isa Brown na Lohmann Brown, ni wa ukoo wa kahawia. Kuku wetu wa kienyeji wamechanganyika vizazi na vizazi, kwa hiyo uani kwa bibi mmoja utakuta mayai ya rangi ya maziwa, ya chai ya maziwa na ya chai ya rangi. Kuroiler na Sasso, wanaozurura wakifukua mchwa kutwa nzima, hutaga ya kahawia. Leghorn anayeishi maisha yake yote ndani ya kizimba hutaga jeupe pe. Ukichagua weupe ili upate kuku wa kijijini, unaweza kumpita yule wa mchwa ukamkumbatia yule wa kizimba.

Ukivuka bahari, imani hii yote inageuka kichwa chini. Marekani yai la kawaida dukani ni jeupe, na wengi hudhani la kahawia ndilo la shamba. Hulilipia zaidi, ilhali sababu kubwa ya bei ni kwamba kuku wa mayai ya kahawia kwa kawaida ana mwili mkubwa na hula chakula kingi. Uingereza wanunuzi kwa miongo mingi wamependelea kahawia. Mtanzania analipia weupe, Mmarekani analipia ukahawia, na tetea hajaongeza hata chembe ya protini kwa ajili ya yeyote kati yao. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, ganda liwe limevaa nini.

Wale wanaosema, "Basi mimi naangalia kiini," nao nawaomba wasubiri. Umanjano wa kiini hutoka kwenye chakula: majani, mchicha, mahindi ya njano. Mahindi tunayolima kwa ugali ni meupe, na kuku anayelishwa hayo peke yake atatoa kiini kilichopauka hata akiwa na afya ya simba. Mfugaji anaweza pia kununua chakula chenye rangi ya kiini. Kiini cha njano hukupa habari za alichokula kuku, na ukikipenda machoni kipende.

Swali la umri ndilo lenye uzito mkubwa katika ubora. Tumbukiza yai kwenye bakuli la maji. Likilala chali, ni jipya. Likisimama wima, limekaa wiki kadhaa. Usione vyaelea vimeundwa, walisema wahenga kuhusu vyombo vya baharini. Yai likielea, halikuundwa, limezeeka. Maji ya ndani hupotea kupitia vitundu, hewa huingia, na mfuko wa hewa kitakoni hukua. Kipimo hiki kinapima umri, hakipimi vijidudu, kwa hiyo yai lililozama bado unalipika. Ukiwa sokoni bila bakuli, ziba yai kwa kiganja, washa tochi ya simu upande wa kitako utazame mfuko wa hewa: mdogo, mzuri, mkubwa, rudisha. Nyumbani, livunjie kwenye sahani bapa. Ute wa yai jipya husimama na kukikumbatia kiini. Wa yai kuukuu husambaa kama uji mwepesi. Mmarekani Raymond Haugh alitoa mwaka 1937 hesabu ya kupima urefu wa ute huo, na hadi leo wataalamu wa mayai duniani hutumia vipimo vinavyoitwa kwa jina lake. Hesabu yake haina nafasi ya rangi ya ganda.

Analala wapi? Trei lililoanikwa juani tangu asubuhi linazeesha mayai yote 30. Nunua ya kivulini. Yenye ufa acha, hata yakipunguzwa bei. Usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi, hasa kwa maji ya baridi: yai hujikunja ndani na kuvuta uchafu kupitia vitundu. Yaoshe unapokwenda kuyapika.

Sasa maradhi, na hapa naomba tukae kitako. Bakteria wa salmonela wanaweza kuingia ndani ya yai kabla ganda halijajengwa, kutoka kwenye viungo vya uzazi vya kuku mwenyewe. Ganda safi, lisilo na ufa, jeupe au la kahawia, haliwezi kukuonyesha. Desemba 1988 Edwina Currie, aliyekuwa naibu waziri wa afya wa Uingereza, alisema sehemu kubwa ya mayai ya nchi hiyo imeathiriwa na salmonela. Mauzo yakaporomoka na yeye akajiuzulu. Kilichofuata baada ya miaka kadhaa ni kuwachanja kuku na kusimamia usafi wa mabanda, na maambukizi yakashuka sana. Waingereza waliendelea kula mayai yale yale ya kahawia.

Kwa hiyo, ukisimama kwenye banda la chipsi ukaagiza zege, yaani chipsi mayai, usione haya kusema, "Kaka, ligeuze likauke." Ute na kiini vyote viwe vimeshikana. Na wanaogida yai bichi la kienyeji kutibu kifua nawasihi waache, kwa mjamzito na mtoto hasa. Tetea wa kijijini naye hudonoa palipo na kinyesi.

Kuna maradhi mengine ambayo moto hautibu. Kuku akipewa antibiotiki, mayai yake hayatakiwi kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite. Utafiti wa wafugaji wadogo wa Manispaa ya Morogoro uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta mabaki ya dawa kwenye mayai ya kuku wa biashara. Kuchemsha hakuyaondoi yote. Mfugaji unayemjua muulize kwa adabu, "Mmewapa dawa lini, na mliacha kuuza siku ngapi?" Anayejibu bila kukasirika, mfanye rafiki. Wewe mfugaji nawe ukiona mayai ya kahawia yamefifia ghafla banda zima, shughulika: huenda ni hofu, joto, mdondo, mafua ya kuku, au dawa ya nikabazini iliyochanganywa kwenye chakula. Mwenye banda ana sababu ya kusoma rangi ambayo mnunuzi hana.

Nimeandika haya kwa sababu ya neno nililolisikia kitandani kwa mdogo wangu. Jirani aliyekuja kumpongeza alisema mwanawe wa miaka miwili hali mayai kwa sababu ya kienyeji yamemshinda bei, na ya kahawia anaogopa kumpa. Hayo ya kahawia alikuwa nayo ndani, trei nusu, ya kuuza kibandani kwake. Mtoto alikuwa mlangoni, nywele zimekuwa nyekundu na kukatika, miguu kama vijiti. Nilimshika mama yake mkono nikamwambia achemshe moja jioni ile ile, dakika kumi baada ya maji kuanza kutokota, amponde kwenye uji.

Alichemsha mawili. Maganda mama mkwe aliyaomba. Aliyaanika, akayatwanga laini pamoja na ya yale mayai ya siki, akawamwagia tetea wake watatu uani. Wakayagombania.