Masega Hayafi Yenyewe

Taa ya injini ikiwaka kwenye gari la zamani, mwenye gari huanza kwa kuilaumu sheli. Wiki ya pili anaizoea. Ya tatu gari linagoma kupanda mlima, ndipo linapelekwa gereji, mashine inachomekwa, namba P0420 inajitokeza, na hukumu inasomwa kabla chai ya fundi haijapoa: masega yamekufa, yatolewe. Mimi nasema hukumu hiyo mara nyingi hutolewa bila ushahidi, na hata inapokuwa ya haki, huwa imemfunga marehemu na kumwachia muuaji aendelee kuishi ndani ya injini.

Masega ni kauri yenye vijitundu vingi, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kufungiwa ndani ya kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi. Madini hayo husaidia kugeuza kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na oksaidi za naitrojeni kuwa kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji na naitrojeni, lakini yenyewe hayaliwi na kazi hiyo. Yakitunzwa yanaweza kudumu miaka mingi. Yakifa mapema, kuna aliyeyaua. Zamani mtuhumiwa alijulikana. Yalipoenea Marekani kwenye magari ya mwaka 1975, ilibidi kwanza ipatikane petroli isiyo na risasi, maana risasi ndiyo iliyokuwa ikiyamaliza. Huku Afrika kusini mwa Sahara petroli ya risasi iliondolewa hadi kufikia 2006, kwa hiyo huyo hatumtafuti tena. Waliobaki ni plagi iliyochoka au koili mbovu, zinazoacha petroli ipite bila kuungua hadi ikaungulie ndani ya masega na kuyeyusha kauri. Ringi za pistoni zilizolika, zinazopitisha oili. Na gasketi ya silinda hedi inayovujisha maji ya rejeta. Washukiwa wote wanaishi nyumba moja na marehemu, na bado anayehojiwa ni marehemu.

“Lakini mashine imesema!” Mashine haijasema hivyo. Sensa ya kwanza ya oksijeni, iliyoko kabla ya masega, kwa kawaida hupanda na kushuka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9. Ya pili, iliyoko baada ya masega, inatakiwa itulie. Ikianza kurukaruka kwa kumwiga mwenzake, kompyuta huandika P0420, kwa maana kwamba kazi ya masega inaonekana imepungua. Ekzosi iliyotoboka ikavuta hewa ya nje nayo inaweza kuleta namba hiyohiyo, na sensa iliyozeeka vilevile. Fundi makini huipasha injini moto, hutazama sensa zote mbili zikifanya kazi, hutafuta mvujo kwenye maungio, kisha hugonga kopo kwa nyundo ya mpira asikie kama kauri imevunjika. Gari likikosa nguvu, hufungua tundu la sensa ya kwanza na kupima mgandamizo wa moshi, ajue kama njia imeziba. Shughuli hiyo inahitaji subira, bidhaa ambayo gereji nyingi haziiweki rafuni.

Wapo wanaosema hayo yote ni kujisumbua: toboa masega, gari liwe jepesi. Kama yalikuwa yameziba, nakubali, litakimbia. Ila plagi mbovu itaendelea kumwaga petroli kwa gharama ya mwenye gari, na sensa ya pili sasa itaona moshi mtupu, kwa hiyo taa itabaki inawaka. Hapo fundi huleta kipande cha bomba cha kuisogeza sensa mbali na moshi ili isione vizuri. Gari halijatengenezwa, limefundishwa kusema uongo. Wanaolijua vyema ni waliokaa nyuma yake kwenye foleni ya Ubungo, madirisha wazi.

Hoja ya bei ni nzito zaidi, wala siipuuzi. Masega mapya halisi yanaweza kugharimu pesa ambayo hata gari lenyewe likiuzwa haitapatikana. Lakini ughali huo ndio sababu ya kupima kwanza, kwa kuwa plagi hainunuliwi kwa bei ya kiwanja. Masega ya bei nafuu nayo mara nyingi hupakwa madini kidogo mno, na yakifungwa kwenye injini inayokunywa oili yatafuata njia ya yale ya kwanza. Injini itibiwe kwanza, gasketi za maungio ziwe mpya, na boliti zilizoshikwa na kutu zilowekwe mafuta ya kulegeza mapema, kabla fundi hajazikata na kuanza kulaumu Wajapani.

Halafu yadaiwe yale ya zamani. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi, na London wezi walilala chini ya magari aina ya Prius wakiwa na misumeno. Bei imeshuka tangu hapo, lakini wanunuzi wa masega chakavu hawajafunga biashara. Kwa hiyo fundi akisema kwa upole, “Hayo hayana kazi tena, bosi, mimi nitakutupia,” mteja amshukuru kwa ukarimu wake, kisha afungue buti na kuyapakia mwenyewe.