Sifa za Mbung'o, Mwenyeji wa Saadani

Twiga kapewa mkia wa ndege ya taifa, tembo kapewa noti ya elfu kumi, simba kapewa timu nzima ya mpira pale Kariakoo. Mbung'o hajapewa kitu. Hana sanamu, hana mashabiki, na kila anayemtaja humtaja huku akijikuna. Kwa kuwa sehemu ya damu yangu sasa iko kwake, sisi ni ndugu, na ndugu asiposifiwa na nduguye atasifiwa na nani?

Fadhila yake kuu ni ukarimu. Hifadhi ya Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, inajulikana kwa pori lake linaloshuka mpaka Bahari ya Hindi, na watu huenda huko kuona wanyama. Waende. Tembo wana shughuli zao. Viboko wa Mto Wami huzama wakisikia mashua. Kasa wanaopanda kutaga pale Madete huja usiku na hawataki taa. Wote hao umewalipia kiingilio, na hakuna hata mmoja anayejali kwamba umekuja. Mbung'o ndiye anayetoka kukulaki. Hakai ndani akingoja hodi: akiona kitu kikubwa kinatembea, hasa kikiwa cheusi au cha bluu, anakifuata. Anaingia garini bila kukaribishwa, maana mwenyeji hakaribishwi kwake. Ukifunga vioo utakuta alishaingia zamani, yuko nyuma ya kiti, anasubiri mazungumzo yakolee. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, tulidhani ni adabu tu. Kwa mbung'o ni taarifa ya lishe. Tangu azaliwe mpaka afe hali kitu ila damu. Mgeni asipokuja, mwenyeji haponi kweli. Na katika huduma hiyo hakuna ubaguzi. Kwa mbu, anayeuma ni jike peke yake. Kwa mbung'o, mume na mke wote wanahudumia wageni, na hawaulizi nani amechanga na nani bado anaahidi.

Fadhila nyingine nizitaje kwa haraka. Ni mzazi wa mfano: jike hubeba mtoto mmoja tu kwa wakati na kumlisha tumboni mpaka akue, wakati nzi wa mjini wanamwaga mayai jalalani na kuondoka. Ana msimamo katika rangi: mistari ya pundamilia haimvutii, bluu inamvutia, ndiyo maana wataalamu humtegea vitambaa vya bluu na nyeusi. Ni mstahimilivu pia. Kofi moja halimwondoi. Mawili hayamwondoi. Anapenya suruali ya jinzi, anapenya soksi, unamfinya kwa vidole viwili, unamwachia ukidhani amekufa, naye anaruka, mshenzi huyu, anakwenda kumalizia kazi kwenye sikio la dereva kwenye njia ya matope meusi...

Turudi kwenye sifa.

Karavani yetu ilikuwa ya bluu. Rafiki yetu mmoja aliiagiza Afrika Kusini, akaivuta nyuma ya Land Cruiser, akatuambia kwa fahari kwamba ile ni bluu ya bahari. Kwa hiyo kutoka getini mpaka ufukweni sisi tulikuwa mtego wa mbung'o, wenye magurudumu na jiko la gesi. Mwenye karavani ndiye mwenyekiti wa safari; kwetu watu hawawezi kulala porini bila mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti alilala ndani na feni. Sisi wajumbe tulilala kwenye mahema, na asubuhi tukaosha sufuria.

Jioni, mbung'o walipokwisha kwenda kupumzika (wana saa za kazi, nao wanaziheshimu), Mwenyekiti alitazama ufukwe ule mrefu usio na ukuta wala geti, akashusha pumzi. "Kaka," akaniambia, "hivi nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, heka moja wanauzaje?"

Huyu ni mtu mwenye viwanja Kigamboni, mwenye viwanja Bagamoyo, na kingine Mkuranga ambacho amesahau njia yake. Vyote vina ukuta, na kila ukuta una maandishi mekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Ndani ni majani. Apitaye na mbuzi anafukuzwa, apitaye na wavu anafukuzwa, na njia ya kwenda baharini waliyoipita mababu wa wenyeji sasa ni ya mbwa wa mlinzi. Hajajenga hata choo. Anangoja bei ipande. Nikawatazama wajumbe wengine, nikidhani wamenyamaza kwa aibu. Walikuwa wanapiga hesabu.

Hapo ndipo nilipomwelewa mbung'o kwa cheo chake. Upande wa kaskazini wa hifadhi, Mkwaja, palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe, iliyoanzishwa miaka ya 1950 ili wafanyakazi wa mashamba ya mkonge wapate nyama. Wenye ranchi walikuwa na mtaji, mabwana mifugo, majosho na sindano za kinga. Mbung'o hakuwa na wakili. Aliwaambukiza ng'ombe nagana mwaka baada ya mwaka, na biashara nayo ikawa na shida zake, mpaka mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi ile leo imo ndani ya hifadhi iliyotangazwa 2005. Nionyesheni kesi nyingine ya ardhi iliyosikilizwa karibu nusu karne bila kuahirishwa hata siku moja.

Unguja alishindwa. Wataalamu walifuga madume yake Tanga, wakawahasi kwa mionzi, wakawamwaga kisiwani kwa ndege, mamilioni kwa mamilioni, na 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Wafugaji walifurahi, na walikuwa na haki. Mtu aliyezika ng'ombe wake hahitaji kejeli zangu, wala aliyeuguza mgonjwa wa malale huko bara. Leo fukwe za Unguja zimejaa hoteli zenye kuta. Sisemi mambo haya mawili yanahusiana. Nasema tu kwamba kikao kilipokaa, mbung'o hakuwepo.

Mwenyekiti amerudi mjini na uvimbe nyuma ya shingo, lakini hajakata tamaa. Kiangazi kijacho atarudi na mpima ardhi. Ameniuliza kama rangi ya karavani ina tatizo lolote, maana amesikia minong'ono. Nimemwambia bluu ndiyo salama yenyewe, mdudu yule hata haisogelei, na kwamba mpima na vijana wake nao ingefaa wavae ovaroli za bluu, bluu iliyokolea. Ameniomba nimtafutie duka la jumla.